Halijawahi kugongwa

Mwaka 2019 mwalimu mmoja wa Tukuyu alileta Toyota Raum kwenye gereji yetu, Mwanjelwa, akitaka tairi jipya la mbele kushoto. Lililokuwapo limelika upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana. Gari lilikuwa na majuma machache tu tangu alinunue kwenye yadi moja hapa Mbeya, na akishuka kutoka Isyonje kuja Uyole usukani ulivutia kushoto.

“Mwalimu, hata jipya litalika hivihivi,” fundi mkuu alimwambia. “Tutafute kwanza kilichopinda.”

Tulianza na bolti za madigadi. Za kulia rangi ya kiwandani ilikuwa nzima mpaka kichwani. Za kushoto imechubuka kwenye kona, alama ya spana. Bolti hizo hazifunguliwi kwa sevisi ya kawaida, hivyo zikichubuka ujue bodi imeshavuliwa. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ilinata vizuri mlango wa nyuma, ila kwenye mlango wa mbele kushoto ikateleza, kwa sababu chini ya rangi kulikuwa na puti nene, ule udongo wa kujazia bodi iliyobonyea. Tulipowasha swichi, taa ya eabegi, mfuko wa hewa wa kukinga abiria, haikuwaka kabisa. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka, mara nyingi kuna mtu ameinyamazisha ili mnunuzi asiulize.

Ubaya wenyewe ulikuwa chini. Bomba la chasisi, mbele ya shokapu, lilikuwa na mikunjo, na juu yake mshono wa weldingi uliopakwa lami nyeusi. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi kwa mashine, hurekebisha tairodi, vyuma vinavyounganisha usukani na tairi. Mahali shokapu inapofungwa pakishasogea, tairi hubaki limelala hata ukirudi kwenye mashine kila juma.

Mwalimu alitaka tunyooshe yaishe. Tulimkatalia, na mpaka leo naona tulifanya sawa. Ukishalikata na kulichomelea upya, ushahidi umeuharibu mwenyewe. Tena kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, aliyekwishalipokea gari na kulifanya lake hupoteza haki ya kulirudisha, akabaki na kudai fidia tu. Kukaa nalo muda mrefu bila kulalamika nako huhesabiwa kuwa kupokea. Tulipiga picha kila sehemu, sumaku ikiwa juu ya bodi, namba ya chasisi ikisomeka, tukaandika ripoti yenye tarehe na sahihi.

Kilichomwokoa kilikuwa kwenye simu yake. Kabla ya kulipa aliuliza kama gari limepata ajali, na muuzaji akajibu kwa ujumbe kuwa halijawahi kugongwa. Wakili aliyemsaidia alituonyesha uzito wake. Chini ya Sheria ya Mikataba, muuzaji akinyamaza tu anaweza kujitetea kwamba mnunuzi angegundua kwa uangalifu wa kawaida. Akisema uongo anaoujua, utetezi huo haumsaidii, na aliyedanganywa anaweza kuutengua mkataba.

Kwamba muuzaji aliujua uongo wake ilibidi kuthibitishwa. Gari aliliagiza mwenyewe, kwa hiyo tukatafuta kwa namba ya chasisi karatasi ya mnada ya Japani, inayoonyesha hali ya gari lilipouzwa huko. Kwenye daraja la ubora kulikuwa na herufi R, yaani gari lililofanyiwa matengenezo ya ajali. Gari safi la umri ule lingeandikwa 3.5 au 4.

Barua kwa muuzaji ilieleza kasoro, ikaambatanishwa ripoti, ujumbe na karatasi ya mnada, ikadai bei yote na gharama za kuhamisha umiliki ndani ya siku 14, la sivyo shauri lingepelekwa mahakamani na malalamiko Tume ya Ushindani. Muuzaji kwanza alitoa ofa ya kulipia matengenezo. Mwalimu akamjibu, “Kaka, nimenunua gari, sijanunua kesi ya chasisi.”

Alirudishiwa bei, gharama za uhamisho waligawana nusu kwa nusu, jambo ambalo mimi nisingekubali. Fedha ziliingia benki kwanza, ndipo akasaini mkataba wa kurudisha gari na kadi ikapelekwa TRA ibadilishwe jina, maana faini za barabarani humfuata yule ambaye jina lake limo kwenye kadi.