Kulala garini msimu wa kipupwe, Tabora hadi ziwani

Mvua zikikatika mwezi wa Mei, njia za misituni Tabora hukauka, na kuanzia hapo hadi Agosti ndipo safari za kulala porini hunoga. Ila usiku kuna baridi. Mji uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, anga la kipupwe halina wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee, na alfajiri za Juni na Julai hushuka hadi karibu nyuzi 15, mabondeni chini ya hapo. Anayelala kwenye Noah au Hiace kwa mara ya kwanza hufanya vile vile afanyavyo nyumbani: anafunga vioo vyote. Usiku mbaya huanzia hapo.

Watu wawili wakilala usiku mmoja, pumzi na ngozi zao hutoa kiasi cha nusu lita ya maji. Gari likifungwa, mvuke huo hauna pa kutokea, na bati na vioo ndivyo vinavyopoa kwanza. Kufikia saa kumi alfajiri vioo vinatiririka, dari linadondosha matone, blanketi limelowa. Blanketi lenye unyevu halitunzi joto, kwa hiyo mtu anaamka akitetemeka na kujilaumu kwamba hakufunga vizuri. Dawa ni kinyume chake: acha vioo viwili wazi kwa upana wa vidole viwili, kimoja mbele kushoto na kingine nyuma kulia, hewa ipite kimshazari. Kwa ndani ziba nafasi hizo kwa kipande cha chandarua chenye dawa, maana malaria Tabora na Kigoma haina mchezo. Taulo na nguo mbichi zikae nje au kiti cha mbele, mbali na tandiko.

Joto ulitafute chini. Baridi kali zaidi hutoka sakafuni, kwa kuwa hewa baridi hupita chini ya gari usiku kucha. Ng'oa viti vya kati na vya nyuma, uweke kitanda cha plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu ya mbao yenye nguzo kila sentimita 60. Funga kwa bolti na nati. Misumari hulegea kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogomadogo, na baada ya siku chache kitanda kinapiga kelele kila unapogeuka. Toboa matundu ya milimita 25 kwenye plaiwudi, kila baada ya sentimita 15, ili godoro lipumue. Bila matundu, jasho linakutana na ubao baridi na godoro linaota ukungu upande wa chini, usioonekana hadi harufu ianze. Juu ya ubao tandika mkeka, kisha godoro la inchi nne. Blanketi moja chini yako linafaa kuliko mawili juu yako, kwa sababu uzito wa mwili hubana sponji na sponji iliyobanwa haizuii baridi.

Sasa jiko la mkaa. Lisiingie garini, hata kwa dakika kumi, hata kama moto unaonekana umekufa. Mkaa unaofifia ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Aliyelala hapati hata dalili hizo. Tena usidhani vile vioo vya vidole viwili vitakuokoa: vinatosha kwa mvuke wa pumzi, kwa moshi wa mkaa havitoshi kabisa. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe kwenye hewa safi na umkimbize hospitali akapewe oksijeni. Maziwa hayamsaidii, na kumnywesha mtu aliyelegea kunaweza kumpalia.

Watu wa Norwe na Ufini wanaoishi kwenye magari ya kulala katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri huwasha moto usiku kucha na kuamka salama, lakini hita zao za dizeli huvuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake. Kinachoingia ndani ni hewa iliyopashwa tu. Hata wao hukagua bomba hilo lisizibwe na theluji. Gesi nayo huwapa kazi. Butani, aina moja ya gesi ya kupikia, huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo hutumia propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwetu mtungi wa kilo 6 hausumbui hivyo, ila ukipika maharage kwa muda wa saa mbili alfajiri yenye baridi utaona mtungi umetoka jasho na moto umepungua. Gesi inapogeuka mvuke hunyonya joto la mtungi. Zima kidogo, au loweka maharage tangu jana yake. Na upike nje.

Mahali pa kuegesha huamua nusu ya usingizi wako. Mbuga zile za udongo mweusi kati ya miinuko zinavutia kwa uwazi wake, lakini hewa baridi ni nzito, hutelemka na kutuama humo usiku, na umande wake unalowesha kila kitu. Panda kidogo kwenye udongo wa kichanga, chini ya miyombo, na ukague matawi makavu juu yako. Kipupwe ndio msimu wa kurina asali pia: ukiona mizinga juu ya miti, sogea mbali. Kwangua nyasi kavu chini ya gari kabla ya kuzima injini, kwa sababu bomba la moshi lenye moto huwasha nyasi, na moto wa porini haungoji mtu avae viatu. Kwenye hifadhi ya msitu, kibali kwanza.

Umeme usiupe muda mwingi. Betri ya pili ya asidi ya 100 Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), itumie nusu tu, yaani 50 Ah, au itakufa mapema. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa tano na simu mbili hazifiki hata 10 Ah. Paneli ya wati 100 chini ya jua la kipupwe hurudisha hizo bila shida. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, upande wa chanya, kwani kazi yake ni kulinda waya usiungue. Betri ya kuwashia gari usiiguse.

Kutoka Kaliua kwenda Uvinza kuna mbung'o. Hufuata gari linalotembea na hupenda bluu iliyoiva na nyeusi, basi vaa kaki na ufunge vioo mkiwa mwendoni. Usiku hutulia, fungua. Homa ikikupata ndani ya wiki tatu baada ya kuumwa, mwambie daktari habari za mbung'o mapema, maana kipimo cha malaria peke yake hakitaonyesha malale.

Kigoma ni habari nyingine. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, maji yake yana joto la nyuzi 25 au zaidi, na ufuoni blanketi moja linatosha. Taabu ni upepo na mchanga: elekeza pua ya gari kwenye upepo, milango ya nyuma ikae upande usio na upepo. Usiegeshe panapoanikwa dagaa. Kama unataka usingizi, chagua siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopumzika. Hifadhi ya Gombe haifikiki kwa gari; boti za abiria huondokea Kibirizi, na gari uliache mjini kwenye uzio wenye mlinzi, betri ya pili ikiwa imechomolewa.