Lalibela kwa kamera: shimo, netela na saa za Uhabeshi

Picha nyingi za Bete Giyorgis, kanisa la mwamba katika mji wa Lalibela, kaskazini mwa Ethiopia, huharibika saa sita mchana. Jua linawaka juu ya paa, ile misalaba mitatu iliyochongwa mmoja ndani ya mwingine inang'aa, na chini uani giza limejaa. Ukipima mwanga kwa uani, paa linabaki karatasi nyeupe. Ukipima kwa paa, waumini walio mlangoni hawaonekani tena.

Sababu ni umbo lenyewe. Makanisa 11 ya Lalibela hayakujengwa kwa mawe, yalichongwa kutoka kwenye mwamba mmoja kwenda chini, na Bete Giyorgis limesimama ndani ya shimo lenye kina cha zaidi ya mita 10. Mji uko kwenye latitudo ya 12 kaskazini. Mapema Januari, jua la katikati ya mchana linakuwa upande wa kusini, nyuzi 55 hivi juu ya upeo, kwa hiyo kila mita 10 za ukuta wa kusini zinatupa kivuli cha mita 7. Hata jua likiwa juu kabisa, sehemu ya uani haiguswi.

Dawa ni kufika jua likiwa bado halijaingia. Januari huchomoza karibu saa moja kasorobo asubuhi. Ukiwa ukingoni kuanzia saa kumi na mbili na robo, unapata kama nusu saa ambapo paa, kuta na uani vyote vinapata mwanga wa aina moja kutoka angani. Jioni jua likishajificha nyuma ya vilima nafasi hiyo inarudi, ingawa ni fupi. Ikibidi upige mchana, piga RAW (faili ghafi ya kamera), ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), pima mwanga kwa paa, kisha pandisha vivuli kwenye kompyuta. Kupiga picha tatu zenye tofauti ya stopu mbili (kila stopu huongeza mwanga mara mbili) na kuziunganisha kunafaa kwa shimo tupu tu. Akipita muumini mmoja, atatokea kama kivuli cha jini mara tatu. Halafu usitembee kinyumenyume jicho likiwa kwenye kamera. Shimo halina uzio.

Kinachowasumbua zaidi wapiga picha pale si jiwe, ni nguo. Karibu kila muumini amejifunika netela, shuka nyepesi nyeupe ya pamba, na uso wa mtu mweusi ndani ya shuka nyeupe ni mtihani kwa kamera yoyote. Weupe ukijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi na inapunguza. Netela inatoka ya kijivu, uso unatoka mweusi tii usio na macho. Kwenye kivuli ongeza mwanga kwa stopu +2/3 hadi +1, angalia histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera), na kubali netela ikaribie ukingo wa kulia bila kuugonga. Kwenye jua kali, kuongeza hakusaidii kitu kwa sababu tofauti kati ya shuka na uso inazidi uwezo wa sensa. Hapo mwombe mtu asogee hatua mbili aingie kwenye kivuli cha mtaro, yaani njia iliyochimbwa kwenye mwamba kati ya makanisa. Hatua hizo mbili zinazidi lenzi yoyote ya bei mbaya.

Mitaro nayo ina ujanja wake. Jiwe la pale ni la volkano, jekundu, na mwanga unaogonga ukuta mmoja unarudi kwenye shuka ukiwa na wekundu huo. Waiti balansi (urekebishaji wa rangi ya mwanga) ya otomatiki inajaribu kuufuta na kuzifanya nyuso zionekane kama za wagonjwa. Iweke kwa mkono kwenye 5500K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), uache wekundu kidogo ubaki, ndio rangi ya mahali.

Tangu 2008 baadhi ya makanisa, likiwemo Bete Medhane Alem ambalo ndilo kubwa kuliko yote, yamefunikwa kwa mapaa makubwa ya kisasa kuyakinga na mvua. Kila mgeni huyalalamikia, kwani nguzo zake zinaingia kwenye kila picha pana. Mimi nayaona kama studio ya bure. Mwanga unaopita pembeni ni laini mchana kutwa, na ukitumia lenzi ya milimita 50 au 85 badala ya ile pana, nguzo zinatoka kwenye fremu zenyewe.

Ndani ya makanisa ni giza. Anza na tundu la lenzi la f/1.8, shata (muda wa kunasa mwanga) ya sekunde 1/60, ISO 6400. Mshumaa uko karibu na 2000K, dirisha dogo la msalaba lina 5500K, na mara nyingi kuna balbu nyeupe ya umeme inayovuruga vyote viwili. Msogeze mtu, au sogea wewe, hadi uso wake upokee chanzo kimoja tu. Flashi ibaki kwenye begi: Bete Maryam ina michoro ya kale kutani na darini, na makasisi wamechoka na flashi. Utawaona baadhi yao wakivaa miwani ya jua wanapoushika msalaba mbele ya wageni. Nguzo iliyofungwa kitambaa ndani ya Bete Maryam haifunuliwi, usiombe. Bete Golgotha wanawake hawaingii, hivyo timu yenye mpiga picha mwanamke ipange zamu mapema.

Msalaba wanaoonyeshwa wageni si pambo. Ule wa Bete Medhane Alem, Afro Ayigeba, uliibwa 1997, ukapatikana Ubelgiji, ukarudi 2001. Ndiyo maana shemasi anasogea ukinyoosha mkono kuugeuza upate mwanga. Mwombe kasisi augeuze yeye.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari ni Genna, Krismasi ya Kihabeshi, na hapo mji unafurika mahujaji, wengine wametembea kwa siku kadhaa. Asubuhi yake, Bete Maryam, makasisi na mashemasi wanajipanga juu ya ukuta unaozunguka uani na wengine wanasimama chini, wanaimbiana Beza Kulu huku wakiyumba pamoja. Wimbo unaanza taratibu, ngoma za kebero zinaingia, mwendo unakolea. Nafasi ya juu ukingoni inajaa mapema sana, na aliyekesha pale usiku kucha hatakupisha kwa sababu una kamera kubwa, wala hana sababu ya kukupisha. Lenzi ya 70–200 inatosha kutoka upande wa pili. Shata 1/250 inazigandisha fimbo za maombi hewani. Ile ya 1/15, kamera ikiegemezwa kwenye jiwe, inauonyesha ule mwendo wa mawimbi, na kwa maoni yangu ndiyo picha yenyewe. Traipodi kwenye umati ule ni kuwategea watu miguu.

Kuomba ruhusa hakuhitaji Kiamhari kingi. "Tena yistilign" ni salamu ya heshima. "Foto mansat yichalal?" ni kuuliza kama picha inaruhusiwa. Mtawa au kasisi mzee mwite Abba, mama mtu mzima mwite Emama. Kamera iwe imeshuka kifuani unapouliza, usiulize ukiwa umeshainua. Kichwa kikitikiswa, shukuru kwa "ameseginalehu" na upite. Kuna wasomaji wa dua wanaokaa kwenye vishimo vya kuta, na baadhi ya vishimo hivyo vina mifupa ya waliofia pale zamani. Usimsumbue wa kwanza, usiwageuze hao wa pili kuwa kivutio.

Kuhusu pesa, mwongozo wa kuaminika ni kutowapa watoto chochote kwa ajili ya picha. Mtoto anayelipwa kusimama mbele ya lenzi kesho haendi shule. Kwa kanisa, weka sadaka palipo na sahani au sanduku. Beba noti ndogo za birr, za 10 na 50, kwa anayelinda viatu mlangoni na kwa kijana atakayekuongoza gizani kwenye njia za chini ya ardhi. Na usiwagawie mahujaji biskuti za maziwa kabla ya Genna: wako kwenye mfungo wa siku 43, hawali nyama, maziwa wala mayai.

Sasa jambo la saa, ambalo Mswahili ana bahati nalo. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri: saa moja asubuhi ni saa moja. Tatizo linaanza mkizungumza Kiingereza. Wewe, kwa adabu, unaitafsiri saa mbili asubuhi kuwa nane ya Kizungu. Yeye anaisikia nane ya kwao, anakuja saa nane mchana, na mwanga wa asubuhi umekwenda. Taja saa na sehemu ya siku, kisha uliza: "Ni saa mbili ya asubuhi, kwa saa zenu?" Tiketi za ndege ni za saa za kimataifa.

Begi. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 2,500 hivi, usiku wa Januari ni baridi, na betri zinachoka upesi. Weka mbili za akiba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri zote zisafiri kwenye begi la mkononi. Droni iache nyumbani: bila kibali cha serikali inazuiwa forodhani uwanja wa ndege. Viatu vinavuliwa kila kanisa, hivyo vaa vya kuchomoa, na soksi nene ziingizwe juu ya suruali, maana mazulia yana viroboto ambao hawachagui dini. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza. Tangu 2023 kumekuwa na mapigano katika jimbo la Amhara, kwa hiyo hali ya barabara iulizwe wiki ile ile unayosafiri, si mwezi mmoja kabla.

Kurudisha picha ndiyo deni linalosahaulika. Kamera ya papo hapo, inayotoa picha kwenye karatasi mara tu unapopiga, inalimaliza pale pale, pakiti moja ina filamu 10, ila ina mambo mawili. Baridi ikiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi filamu inatoka imepauka, kwa hiyo picha ikitoka iweke ndani ya koti dakika kadhaa. Na flashi yake ndogo, ukiwa karibu zaidi ya mita moja, inaimeza netela yote na kuacha macho mawili yanaelea kwenye weupe. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu. Kwa vijana, omba Telegram, wengi wanayo, na utume picha kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na haifai kuchapishwa. Andika jina la Telegram na namba ya faili kwenye daftari hapo hapo, kwa sababu jioni utakuwa na nyuso 200 zenye shuka nyeupe, na hutakumbuka ipi ni ya nani.