Akija kukuambia, usimpokonye simu

Jana baada ya magharibi, hapa Kisauni, binti yangu alinijia na simu: "Mama, huyu simjui, anataka picha yangu ya yunifomu." Nilifurahi mno kwamba alikuja kabla hajajibu.

Tukakaa mkekani tukausoma ujumbe. Jamaa alianza kumsifu anavyocheza gemu, akauliza shule, kisha picha, halafu: "usimwambie mtu." Hapo ndipo nilipomwonyesha hatari. Mtu mzima mwenye nia njema hamwombi mtoto siri. Tukahifadhi skrinshoti kama ushahidi, tukaripoti akaunti, tukamzuia.

Wazazi wenzangu, yunifomu hutaja shule, na shule humwonyesha mtu pa kumvizia mwanao. Kwetu simu zote hulala sebuleni, ya baba yao pia. Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia simu ya mtoto, husaidia kupanga muda na kuzuia programu, lakini haijui mtoto ametishwa na nani. Hilo utalijua akikuambia mwenyewe. Jambo likikuzidi, piga 116, laini ya msaada kwa watoto ya Childline Kenya. Ni bure, usiku na mchana.

Na tafadhali, akija kusema, msikilize kwanza. Akijua atanyang'anywa simu, siku nyingine atanyamaza.