Leo nimeusikia udi

Wapendwa, mnaijua ile Raspberry Pi 4 yangu ya sebuleni, kompyuta ndogo kama kadi ya benki. Ndiyo inayonipigia muziki.

Kwa miezi nimekuwa nikiiwasha kwa chaja ya simu. Spika zinavuma mmmm, taarabu inakatika katikati ya ubeti. Nikabadilisha waya, wapi!

Leo mchana nimeiunganisha na skrini. Juu pembeni, alama ya radi. Maana yake umeme haufiki wa kutosha! Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja yangu ni ya ampea 2, na hapo hapo imebeba diski ya nje na kadi ya sauti ya USB.

Nimenunua pawa saplai ya volti 5.1, ampea 3. Nikachomeka.

Kimya.

Ule uvumaji haupo kabisa. Halafu udi ukaingia, nikasikia kidole kikiteleza juu ya uzi. Wimbo nimeusikiliza miaka yote, kidole kile sikuwahi kukisikia.

Mama akachungulia kutoka jikoni: "Mmeleta redio mpya?"

Nimeurudia mara nne.

Nanyi mnaosikiliza kwa Pi, mnaiwasha kwa chaja gani? Kuna aliyejaribu betri?