Ngome za Hamburg na Geti la Jenfeld

Ukitoka kituo cha treni cha Feldstraße jijini Hamburg, huna haja ya kuuliza njia. Jumba la zege limesimama pale, la kijivu, linaziba nusu ya mbingu, na juu yake imeota miti. Nilishasimuliwa habari za miti hiyo, lakini kusikia si kuona.

Ngome hii ilijengwa mwaka 1942. Juu iliwekwa mizinga ya kutungulia ndege, chini wakajificha raia. Kuta zina unene wa mita 3.5. Julai 1943 mji ulipigwa mabomu usiku baada ya usiku, moto ukawa tufani na kuua watu zaidi ya 30,000, ilhali maelfu waliokuwa humu ndani walitoka wazima. Vita ilipokwisha, kuilipua kungeangusha na nyumba za jirani, ikaachwa. Matangazo ya mwanzo ya televisheni ya kaskazini mwa Ujerumani baada ya vita yalirushwa kutoka humu. Sasa kuna hoteli, kumbi za muziki, na tangu 2024 njia ya mita 560 inayoizunguka kwa nje hadi kwenye bustani ya juu. Hulipi kitu.

Tulipanda taratibu, mimi na mwenyeji wangu, dada mzaliwa wa Tanga anayeishi huko. Upepo ulikuwa mkali. Chini yetu uwanja wa mpira wa St. Pauli, mbele winchi za bandarini. Nikawa napiga picha tu.

“Kaka, bandari utaikuta,” akaniambia. “Kwanza uliza zege hili lilimwagwa na nani.”

Lilimwagwa na watu zaidi ya elfu moja waliofanyishwa kazi kwa shuruti. King'ora kikilia, Wayahudi na vibarua wa shuruti kutoka Ulaya ya mashariki walizuiwa kuingia katika mahandaki ya aina hii. Nilifurahi kwamba ndani ya ngome pametengwa mahali pa kuwakumbuka wahanga wa utawala wa Hitler. Bila hapo, bustani ile ingekuwa pambo juu ya kaburi.

Ngome ya pili iko Wilhelmsburg, kusini mwa mto Elbe. Waingereza waliilipua kwa ndani mwaka 1947, kuta zikagoma kuanguka. Mwaka 2013 ilifufuliwa kuwa kituo cha nishati: paneli za jua nje, tangi la maji ya moto la lita milioni mbili ndani. Tulikunywa kahawa juu yake, tukaondoka.

Kilichonipeleka Hamburg hasa kilikuwa Jenfeld, kitongoji cha mashariki mwa jiji. Wakati wa Hitler ilijengwa huko kambi ya jeshi iliyopewa jina la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita ya Kwanza ya Dunia, yule aliyewaswaga askari na wapagazi wetu kutoka Tanga hadi Msumbiji, akasalimu amri Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala, Zambia. Kando ya kambi kuna bustani iliyopewa jina la Tanzania, na ndani yake sanamu kubwa za udongo wa kuchoma zilizowekwa mwaka 1939: askari nyuma ya kiongozi wao mzungu, na wapagazi na mizigo yao. Geti lilikuwa limefungwa. Tukachungulia kupitia uzio.

Nyuso zile zimechongwa za watu watiifu, walioshiba. Wapagazi wa kweli walikufa zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Vijijini majeshi ya pande zote yalizoa chakula na ng'ombe, na Wagogo hadi leo wanasimulia njaa ya Mtunya iliyofuata.

Wapo wanaotaka sanamu zivunjwe, na hasira yao naielewa. Mimi ningezibakiza, maana ni ushahidi wa jinsi jeshi la Hitler lilivyotutumia kujisifu. Ila ushahidi haufungiwi kwa kufuli. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na Dar nako Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, imemsimamisha juu askari, si mpagazi. Halmashauri hizi mbili zikiamua, zinaweza kuandika kibao kimoja kwa Kiswahili na Kijerumani, kinachoeleza waliobeba mizigo walikuwa nani na walifia wapi, kikawekwa kote kuwili.