Nilivyoingiza oda 87 kwenye kalenda kwa mkupuo

Simu ilipolia saa saba na nusu usiku, mke wangu alishaanza kutafuta khanga. Kwetu simu ya saa zile ni msiba. Nikaishika, nikasoma kwa jicho moja: jando Mikindani, viti 200, bado nusu saa.

Nani anapeleka viti jandoni saa nane usiku? Mimi, kumbe. Niliandika 2:00 nikimaanisha saa mbili asubuhi, na kalenda haijui saa zetu.

Nakodisha maturubai, viti na spika hapa Mtwara mjini. Fedha za korosho zikishaanza kuingia, daftari langu halipumui: ndoa Chikongola, mwali Nanyamba, viti vya kuvusha kwa pantoni kwenda Msangamkuu. Msimu uliopita spika zilezile niliziahidi sehemu mbili siku moja, na aliyoniambia mama wa bwana harusi wa pili siyaandiki hapa. Ndipo nikaamua oda zote ziingie Kalenda ya Google, tuzione mimi na dereva wangu.

Kijana wa steshenari akanihakikishia kwamba lazima ziingizwe moja moja, nimpe elfu hamsini afanye yeye. Oda 87! Nami nilikuwa nazo zote kwenye simu, kila oda mstari wake. Nikamuaga.

Nilitumia kompyuta, maana kwenye programu ya simu sehemu ya kuingiza faili haipo. Vipande vya kila mstari nikavitenga kwa mkato, faili nikalihifadhi kama .csv. Mstari wa juu kabisa niliandika Shughuli, Tarehe, Saa, Mahali, kwa uzalendo. Likagoma. Unatakiwa uwe Subject, Start Date, Start Time, End Date, End Time, Location, hivyohivyo kwa Kiingereza. Tarehe nayo inaanza na mwezi: 12/05/2024 ni tarehe 5 Desemba. Na ukiandika "Chikongola, nyuma ya msikiti" bila alama za kunukuu, msikiti unahamia safu nyingine.

Sasa saa. Baada ya aibu ya usiku ule nilizifuta zile oda 87 moja moja, jioni nzima, mke wangu akinichungulia na kucheka. Nikarudi kwenye maandishi ya awali, yenye "saa 2 asb", "saa 10 jioni". Nikaiambia kompyuta: kila penye "saa 1" weka "7:00". Nikajiona fundi. Kushuka chini nakuta 7:000, 7:001, 7:002! Saa 10, 11 na 12 zote zinaanza na "saa 1", zimeliwa kichwa.

Dawa yake nimeigundua mwenyewe na naringa nayo: anza na 12. Saa 12 iwe 6:00, saa 11 iwe 5:00, saa 10 iwe 4:00, ndipo ushuke 9, 8, mpaka 1. Kisha asb iwe AM. Mchana, jioni na usiku ziwe PM. Rusharoho za kuisha saa 6 usiku nilizirekebisha kwa mkono, maana pale ni 12:00 AM na tarehe ya kumalizia inakuwa ya kesho yake.

Safari hii sikuingiza kichwa kichwa. Nilifungua kalenda ya pembeni, nikaiita Majaribio, nikaingiza humo. Ukikosea unaifuta kalenda nzima, oda zote zinakwenda nayo. Niliifuta mara mbili. Ya tatu, 87 zote zikakaa mahali pake, na jando la Mikindani likasoma saa mbili asubuhi.

Juzi kijana wa steshenari amenipigia, dada yake anaolewa. Nikamwambia, "Subiri nitazame kalenda." Siku ilikuwa wazi. Nikamtajia bei ya kawaida, na elfu hamsini ya usafiri juu yake.