Kawa la Shangazi

Miaka niliyokaa Ohio haijanifanya niudharau wingi wa chakula wa Marekani, kwa sababu mtu aliyelelewa Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, akaona mama zake wakipima unga kwa kikombe, hawezi kudharau duka ambalo rafu zake hazikauki. Kinachonihuzunisha ni namna wingi huo unavyoonyeshwa kwa watu, na jambo hilo lilinidhihirikia mwezi Julai nilipokuwa likizo nyumbani Tanga.

Baada ya Magharibi watoto walikuwa wameizunguka simu barazani, wakitazama shindano la kula linalofanyika Coney Island, New York, kila Julai 4, siku ya uhuru wa Marekani. Shindano huchukua dakika 10. Mwaka 2021 Joey Chestnut alimaliza mikate 76 yenye soseji. Washindani huuchovya mkate katika maji ili ulainike na kuteremka upesi kooni. Shangazi alivaa miwani yake, akatazama hadi mwisho, kisha akauliza:

“Mwanangu, hawa wana njaa?”

“Hapana, shangazi.”

“Basi mbona hakuna anayemkaribisha mwenziwe?”

Swali hilo lilinikumbusha picha ambayo Wamarekani wengi huijua tangu utotoni. Norman Rockwell aliichora wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikachapishwa mwaka 1943, ili kuonyesha mojawapo ya zile haki nne alizozitaja Rais Roosevelt mwaka 1941, yaani haki ya mtu kutopungukiwa. Bibi anatua sinia la bata mzinga, jamaa wameizunguka meza, na ukitazama vizuri utaona kwamba sehemu kubwa ya meza ni kitambaa cheupe na bilauri za maji matupu. Pembeni, chini kulia, yupo mtu anayekutazama wewe usoni, na mimi kila nikimwona husikia “karibu”. Hata hivyo Rockwell mwenyewe alieleza kwamba watu wa Ulaya waliichukia picha ile, kwa kuwa waliona ndani yake kuzidi badala ya kutosha.

Sisi tuna neno la kuzidi huko, nalo ni israfu. Kurani inaruhusu kula na kunywa, ikikataza israfu papo hapo, katika aya moja. Wizara ya Kilimo ya Marekani hukadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya chakula cha nchi hiyo hupotea bila kuliwa, na ninaamini kwamba taifa lililozoea kushangilia kuzidi katika michezo na matangazo haliwezi kuushtukia upotevu huo jikoni.

Sisemi haya kama mgeni asiyehusika. Babu yangu alikata mkonge, zao lililoletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche iliyosalia 62 tu, na kamba za mkonge ndizo zilizofunga miganda ya nafaka na marobota ya nyasi kavu katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Tena wakarimu wapo kule: kila Sikukuu ya Shukrani mama mmoja ninayefanya naye kazi hunifungia nyama na viazi vya kesho yake, hata nikikataa. Ila ukarimu wake hakuna anayeurekodi, na watoto wa Ngamiani hawataujua kwa kutazama simu.

Chakula kilipoiva, shangazi alipakua bada, ugali wa muhogo, na samaki wa kupaka katika sinia. Kabla hatujanawa alimega fungu, akaweka vipande viwili vya samaki juu yake, akalitia katika bakuli na kulifunika kwa kawa lenye ukingo uliofumuka. Akamwambia mdogo aliyekuwa bado ameishika simu ampelekee bibi wa nyumba ya pili, asikimbie, na asirudi na bakuli tupu bila kumwamkia.